Kiroba cha Unga na Kiroba cha Kileo

Liko neno moja katika lugha yetu ambalo historia yake yatosha kuwa hoja. Neno hilo ni kiroba. Wazee wetu walilijua kuwa ni mfuko mdogo wa kutilia unga au nafaka. Baba aliporudi nyumbani na kiroba begani, watoto walishangilia, kwa kuwa walijua jiko halitalala baridi. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii neno hilo hilo lilipewa kazi ya pili: likawa jina la pakiti ya plastiki yenye kileo kikali, ndogo hata ya kufichika kiganjani. Baba aliporudi na kiroba cha namna hii, watoto walijificha. Jina hilo lilienea midomoni mwa watu, nao, kwa kujua ama kwa kutojua, walitamka ukweli mchungu: mahali palipokuwa pa unga palikaliwa sasa na ulevi.

Makala haya yamekusudiwa kupinga rai iliyoenea sana, nayo husemwa kwa sauti mbili zinazodhaniwa kuwa ni mahasimu. Sauti ya kwanza ni ya mtu ajionaye kuwa mlinzi wa utamaduni. Yeye husema kwamba pombe ni mila yetu, tumeirithi, na anayeishutumu anawatukana mababu. Sauti ya pili ni ya mtu ajionaye kuwa mwalimu wa maendeleo. Yeye husema kwamba watu wa vijijini ni walevi tangu zamani, na ndiyo sababu ya umaskini wao. Wa kwanza asifu, wa pili alaumu. Lakini wote wawili wamekubaliana katika jambo moja, kwamba ulevi tuuonao leo ni mtoto halali wa chungu cha mababu. Mimi nasema si mtoto wake. Ulevi wa leo ni biashara iliyovaa nguo za mila, na maadam tutaendelea kuiita biashara hiyo mila, hatutaiweza.

Hoja kama hii haifai kuachwa ielee hewani. Yataka mahali pa kukanyaga. Nachagua Issuna, katika wilaya ya Ikungi, mkoa wa Singida. Sikuichagua kwa sababu imezidi mahali pengine kwa ulevi; hasha. Nimeichagua kwa sababu ni mahali pa kawaida katika Tanzania ya kati, na la kawaida ndilo kipimo kizuri. Nchi ni kavu, mvua ni ya msimu mmoja tu kwa mwaka, na mvua hiyo ikikosa hapana nyingine ya kuingoja. Wanyaturu, ambao ndio wenyeji wa sehemu hizo, ni wakulima wa mtama na uwele na wafugaji wa ng'ombe. Na katika siku hizi alizeti imekuwa zao lao la fedha. Tena Issuna imo kando ya barabara kuu. Lami ilipotandazwa kati ya Manyoni na Singida mwanzoni mwa karne hii, kazi iligawanywa vipande viwili, na Issuna ndipo vipande hivyo vilipokutana: kilomita zipatazo 54 upande wa Manyoni, na zipatazo 63 upande wa Singida. Basi hapa nafaka ni haba na barabara ni nzuri. Mambo hayo mawili yakumbukwe, maana yatatufaa mbele.

Pombe ya wazee katika nchi ya namna hii ilikuwa imefungwa kwa vifungo vitatu.

Kifungo cha kwanza kilikuwa nafaka. Pombe ya mtama, ambayo katika Singida huitwa mtukuru, haipikwi kwa upepo. Debe la mtama lililoingia chunguni ni debe lililotoka ghalani, na ghala lina mwisho. Kwa hiyo pombe ilikuwa nyingi baada ya mavuno, ikapungua ghala lilipopungua, na mwaka wa ukame ikatoweka. Watu wa nchi kavu walijifunza hesabu hiyo kwa machozi. Majirani zao Wagogo bado wanalo jina la Mtunya, njaa kuu iliyowaua kwa maelfu kati ya mwaka 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kupita na kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Watu wenye kumbukumbu kama hiyo hawaichezei nafaka. Mke aliyepika pombe nyingi katika mwaka mbaya hakuogopa polisi. Aliogopa kilio cha watoto wake mwenyewe.

Kifungo cha pili kilikuwa muda. Mtama huloweshwa, huoteshwa uwe kimea, huanikwa, husagwa, hupikwa, hupozwa, kisha huachwa uchachuke. Kazi hiyo yote yaweza kupita wiki nzima. Tena pombe ikiwa tayari, haiwekeki: baada ya siku chache huharibika na kuwa chachu isiyonyweka. Mtu hakuweza kuificha sandukuni akainywa peke yake kidogo kidogo kila asubuhi. Ilimlazimu kuwaita wenziwe. Udhaifu huo wa pombe ulikuwa ndio ulinzi wa wanywaji.

Kifungo cha tatu kilikuwa watu. Pombe ilikuwa na sababu na wakati: kulima kwa ujima, kujenga, kuoa, kutambika, kupatanisha waliokosana. Ilikuwa na mpangilio wa kukaa na wa kupokezana, na aghalabu wazee ndio waliotangulia. Mnywaji alikunywa mbele ya mkwewe, mbele ya mjomba wake, mbele ya jirani ambaye kesho atamhitaji shambani. Aibu ilikaa naye pale pale.

Sisemi kwamba zamani ilikuwa pepo. Walikuwako waliolewa wakapigana, na wake waliopigwa, na watoto waliolala bila ya chakula siku ya ngoma. Sisemi kadhalika kwamba pombe ya mtama ni maji. Nasema tu kwamba ile jamii ilijua inashika kitu cha hatari, ikakifunga. Mtu afungaye simba si sawa na mtu amfunguliaye mlango, hata kama wote wawili wameishi na simba.

Sasa tuulize ni nani aliyevifungua vifungo hivyo. Wageni waliopita nchi ya kati katika karne ya 19 waliikuta pombe, wakaikuta na bangi pia. Mwingereza Richard Burton, aliyevuka Ugogo mwaka 1857, aliandika juu ya vyote viwili. Hapo hapo wazungu wengine walikuwa wakishusha mapipa ya kileo kikali katika pwani za Afrika, hata mataifa yao wenyewe yakaona haya. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliweka eneo la Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini, ambamo biashara ya vileo vikali ilizuiwa au kutozwa ushuru, na mkataba mwingine wa mwaka 1919 uliotiwa sahihi Saint-Germain ukaendeleza jambo hilo. Lakini tazama namna lilivyotendeka. Katika makoloni mzungu aliendelea kunywa wiski barazani kwake, na Mwafrika akakatazwa kwa kuwa ni Mwafrika. Sheria haikusema kwamba kileo hiki ni hatari kwa binadamu. Ilisema kwamba ni hatari mkononi mwa mtu mweusi. Hivyo watu wetu wakajifunza somo baya kupita yote: kwamba kunywa kileo kikali ni cheo, na kukatazwa ni utumwa. Uhuru ulipokuja, chupa ikawa ni mojawapo ya alama zake.

Pombe ya kienyeji nayo ilipatiwa nyumba mpya. Nyumba hiyo huitwa kilabu, na neno lenyewe, kwa kuwa ni la Kiingereza, latuambia lilikotoka. Pombe ya nyumbani ilikuwa na mwenyeji. Ya kilabuni ina mwenye leseni. Kule mtu alialikwa. Huku mtu hulipa. Fedha ikawa ndiyo mwaliko, na mwenye fedha hana haja ya kuwa mzee, wala mkwe, wala jirani. Kifungo cha watu kikalegea hapo. Mwaka 1933 kikaanzishwa Dar es Salaam kiwanda cha bia, na chupa ikawa haiharibiki kwa siku mbili wala tatu. Kifungo cha muda kikaanza kukatika.

Kilichokikata kabisa ni mtambo wa kukenekea: pipa, mrija na maji ya baridi. Pombe ya moshi, au gongo, haihitaji mtama. Yaweza kutengenezwa kwa sukari, kwa molasi, kwa matunda, kwa pumba. Basi ukame hauizuii. Haichachi, basi huwekwa mwezi mzima uvunguni. Huuzwa kwa kipimo kidogo, kwa mtu mmoja mmoja, saa yoyote, mlangoni mwa nyuma. Vifungo vyote vitatu vimekatwa kwa kisu kimoja. Ni nani basi atakayesimama mbele yangu aniambie kwamba gongo ni mila?

Hapa ndipo inapofaa kuikumbusha dola nayo juu ya mwenendo wake. Mwaka 1966 Tanzania ilitunga sheria ya kukataza kutengeneza moshi pasipo leseni. Mwaka 1967, kwa Azimio la Arusha, serikali ilichukua sehemu kubwa katika viwanda vya bia. Mwaka 1968 ikatunga sheria ya vileo, yenye leseni na saa za kuuzia. Siilaumu sheria hata moja kati ya hizo peke yake. Lakini zikisomwa kwa pamoja, mtu wa Issuna angeweza kuuliza kwa haki: kosa la yule mama wa kijijini lilikuwa ni kulevya watu, au kulevya watu bila ya kulipa ushuru? Swali hilo halijajibiwa hata leo. Kodi ya bia na ya vileo vikali huingia katika hazina, na mtambo wa mama hupondwa kwa nyundo mbele ya watu.

Wakati huo huo kiroba kilipita katika barabara ile ya lami. Tufanye hesabu ndogo. Pombe ya mtama yenye nguvu ya asilimia 3 ina mililita 30 za alkoholi katika lita nzima. Kiroba cha mililita 100 chenye nguvu ya asilimia 35 kina mililita 35. Maana yake, pakiti moja inayomezwa kwa mafunda manne ni zaidi ya lita nzima ya pombe ya wazee, ile iliyochukua wiki kupikwa na mchana kunywewa. Waliokinunua walikuwa madereva, vijana wa vituo vya magari, na hata wanafunzi, kwa sababu kilikuwa rahisi na kilifichika. Serikali ilikipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na ilifanya vyema. Lakini kilichokatazwa kilikuwa ni mfuko. Kileo chenyewe hakikukatazwa. Kilibadilishiwa vazi, kikaendelea na safari.

Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Laiti mgema wa leo angetia maji! Huyu wa leo, akitaka faida, hutia methanoli, alkoholi ya viwandani isiyo ya kunywa. Methanoli humlevya mtu kama alkoholi nyingine. Kisha mwili huigeuza kuwa asidi ya fomiki, nayo huushambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Mtu huamka akiuliza kwa nini hakujapambazuka, hali jua li juu ya paa. Katika Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kinywaji cha namna hiyo, na wengine wakapofuka. Mwaka 2014 msiba huo ulirudi katika sehemu mbalimbali za Kenya, na Februari 2024 ukarudi tena Kirinyaga. Kenya ilikwisha kuikataza chang'aa kwa sheria ya mwaka 1980, kisha ikairuhusu kwa masharti mwaka 2010. Kukataza hakukuwaokoa wale wa 2000. Kuruhusu hakukuwaokoa wale wa 2014. Hii ni kwa sababu sheria zote mbili zilimtazama mnywaji na mpikaji, na mwenye pipa la methanoli akapita katikati.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya vileo haramu, na kwamba chupa yenye chapa haina neno. Elimu haiungi mkono faraja hiyo. Tangu mwaka 1988 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, ulioko Lyon, umeviweka vinywaji vya alkoholi katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba alkoholi iliua watu milioni 2.6 mwaka 2019. Ini, koo, matiti, moyo na mtoto aliye tumboni havisomi chapa ya chupa.

Dawa za kulevya za namna nyingine zatufundisha jambo hilo hilo. Bangi ni ya kale katika nchi yetu. Heroini ni mgeni aliyekuja kwa bahari, na kuanzia miaka ya 1980 akapata makao Zanzibar na Dar es Salaam. Taifa lilipoona vijana wa mijini wanaangamia kwa sindano, lilitikisika. Mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kuwatibu watu hao kwa methadoni, na sheria ya mwaka 2015 ikaunda mamlaka ya kupambana na dawa hizo. Nazisifu hatua hizo. Lakini naona tofauti moja inayouma. Mtu aliyetekwa na heroini mjini ameanza kuitwa mgonjwa; mtu aliyetekwa na gongo kijijini bado huitwa mpumbavu. Yule amepata kliniki. Huyu amepata utani. Kutoka Issuna hadi Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyojengwa mwaka 1927 kwa wagonjwa wa akili, ni kilomita zipatazo 180. Mtu anayetetemeka mikono kila asubuhi hawezi kwenda huko peke yake, na nduguze, waliokwisha kuambiwa kwamba ulevi wake ni tabia au ni mila, hawaoni sababu ya kumpeleka.

Imebaki hoja moja yenye nguvu kuliko zote, nayo sitaki kuikwepa. Mtu ataniambia: yule mama apikaye gongo ni mjane, kwa gongo amewavisha watoto wake sare na kuwanunulia madaftari, je, wewe uliyeshiba wataka kumnyang'anya mtungi wake? Najibu kwamba hoja hiyo ni ya kweli, na kwamba ndiyo inayoishtaki vikali biashara hii. Maana fedha ya daftari la mtoto wa mjane imetoka katika mfuko wa baba wa mtoto mwingine. Kijiji hakijatajirika hata senti moja. Kimehamisha njaa kutoka nyumba hii hadi nyumba ya pili. Katika safari hiyo sehemu imechukuliwa na muuza sukari, sehemu na mwenye gari, na pengine sehemu na yule aliyepaswa kuukamata mtambo akaamua kuutembelea kila mwezi. Mama huyo ndiye wa mwisho katika mnyororo, naye ndiye wa kwanza kufungwa. Sitaki afungwe. Nataka apate kitu cha kuuza kisichomlaza jirani yake mtaroni. Alizeti iko mlangoni pake. Lau mashine ya kukamua mafuta, mkopo wa haki na soko la uhakika vingemfikia kwa wepesi ule ule ambao kiroba kilimfikia, tungekuwa na haki ya kumhukumu akikataa.

Basi nini kifanywe? Kwanza, saa za kuuzia vileo, ambazo sheria ya mwaka 1968 ilikwisha kuziweka, zifuatwe kilabuni na baani kwa kipimo kimoja, pasipo upendeleo wa chupa yenye chapa. Pili, mkono wa dola uache kuishia kwenye chungu. Umfuate mwenye methanoli na mwenye ghala. Tatu, katika kila kituo cha afya cha kata awepo mtu aliyefundishwa kumpokea mlevi kama anavyopokewa mwenye homa, na sehemu ya kodi ya vileo itengwe kwa kazi hiyo. Kwa kuwa si haki hazina ile faida na kumwachia kijiji mazishi.

La nne latuhusu sisi tulio katika vyuo, wanafunzi na walimu wao. Tumeandika mengi juu ya ngoma, jando na vitendawili, na pombe tumeitaja kwa tabasamu, kama kitu cha kuchekesha msomaji. Bado wako wazee katika Issuna na vijiji vya jirani wanaojua nani alianza kunywa na nani alingoja, siku gani chungu hakikuwekwa motoni, na aliyelewa akavunja heshima alitozwa nini. Hiyo ni sheria kamili isiyoandikwa, nayo inazikwa pamoja na wenyewe mmoja baada ya mmoja. Mwanafunzi aendaye likizo na daftari aiandike, kwa majina ya Kinyaturu na kwa maelezo ya Kiswahili. Siku atakapotokea mtu wa kutuambia kwamba ulevi ni mila yetu, tumfungulie daftari hilo, tumwoneshe mila ilisema nini.